Risasi za Mazoezi

Afande alinifundisha kupiga bunduki kwa kutumia nyanya. Siyo kuilenga nyanya, kuibonyeza. Alikuja na mfuko mzima, akatupanga mstari kwenye kiwanja cha shule ya msingi, akampa kila mmoja nyanya yake na kumwambia aibonyeze kwa kidole cha shahada, kama mtu aliye sokoni anayetaka kujua imeiva au bado, huku mwenye meza anamwangalia vibaya. "Ukiipasua, umeinunua," alisema. Wanaume, ambao wengi wao hawajawahi kununua nyanya tangu wazaliwe, walizipasua. Sisi wanawake watatu zetu zilibaki nzima. Afande akautazama ule mchuzi uliokuwa unawatiririka wanaume hadi kwenye viwiko, akasema leo mboga itakuwa na kiungo, akaendelea na somo. Kifyatulio cha bunduki nacho ni nyanya, alisema. Kikibanwa taratibu bunduki inalia yenyewe, na aliyeishika anashtuka kama watu wengine. Asiyeshtuka ameivuta, na aliyeivuta amekosa.

Ninamweleza mtu huyu kwa kirefu kwa sababu alikuwa mwalimu bora kuliko wote walionifundisha, wa sekondari nikiwahesabu humo humo, na kwa sababu sijamsamehe.

Alizaliwa wapi, wa ukoo gani, sijui, na sikuwahi kuuliza. Kijijini kwetu, upande wa Michenga, anayefundisha mgambo ni Afande, imekwisha. Hata mkewe alimwita hivyo. Nilimsikia siku moja akimwambia, "Afande, kuku amekunya kwenye kofia yako," naye akaitika ndiyo, kama anayepokea taarifa ya doria.

Nilijiunga mwaka uliofuata ule uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi. Kidato cha nne nilikuwa nimemaliza, cheti kimefungwa kwenye mfuko wa plastiki na kuchomekwa darini panya wasikifikie. Mwanangu Neema alikuwa ananyonya. Mume wangu alikuwa analima mpunga bondeni, na mpunga wa bonde ni bahati: mto ukitaka unakupa, usipotaka unabeba. Huko juu kwenye mashamba ya miwa nikasikia wanachukua walinzi, wake kwa waume, na mlinzi lazima awe amepita mgambo. Hiyo tu ndiyo iliyonipeleka. Uzalendo sikuwa nao wa ziada.

Bunduki ya kweli ilikuwa moja, ya kijiji. Nyingine zote zilikuwa za mti. Afande alizichonga mwenyewe, kitako, mtutu, mpaka ile ncha ya mbele ya kulengea, na alizitunza kuliko watu wanavyotunza baiskeli. Kila jioni tulizifuta kwa kitambaa chenye mafuta ya taa. Tulicheka, lakini tulicheka chini kwa chini, maana kwake hakukuwa na bunduki ya mchezo. Kijana mmoja, fundi baiskeli, aliiegemeza yake ukutani, mdomo wa mtutu umeelekea mbuzi wa watu. Afande hakupiga kelele. Alimchukua yule kijana, akampeleka mbele ya mbuzi, akamlazimisha amwombe radhi. Na siyo kwa utani. Yule kijana alisimama wima mbele ya kundi zima akasema, "Samahani mbuzi," na Afande akamwambia arudie, mbuzi hakusikia.

Kitu cha pili kilikuwa kizibo cha soda. Ulilala kifudifudi, bunduki ya mti begani, yeye akaweka kizibo juu ya mtutu karibu na ncha. Kazi yako ni kulenga, kupumua, kushusha pumzi nusu, kuishikilia, kubana kidole. Kizibo kisianguke. Ukikiangusha, unaanza upya. Wengine walianza upya wiki nzima. Alipita juu yetu na viatu vyake ambavyo kamba zake zilikuwa za kiroba, akisema kwa sauti ya chini kama anayebembeleza mtoto: pumua kama mtu aliyelala, usipumue kama mtu anayedaiwa, bunduki haina haraka, mwenye haraka ni wewe, kidole kibane, na moyo usiambiwe.

Mimi shida yangu haikuwa kizibo. Ilikuwa maziwa. Mwanaume hajui maana ya kulalia matiti yaliyojaa kwenye ardhi ngumu ya kiangazi, tangu asubuhi, na mtoto yuko nyumbani kwa bibi yake. Nililoa mpaka kifuani pakawa matope. Wanaume wakaanza maneno yao. Mmoja akasema afadhali huyu hatakufa kiu vitani. Nikamwambia na yeye aje anyonye apate akili, kundi likavunjika kwa kicheko, na Afande akatutazama tu.

Kesho yake nilipofika mahali pangu nikakuta mashimo mawili. Madogo, yamechimbwa vizuri kwa jembe, yamelainishwa kwa mkono, yametandikwa majani makavu. Nililala pale matiti yakaingia kama mayai kwenye kiota. Na wanaume walipoanza kucheka Afande aliwaonyesha mstari wao, ambako kila mmoja alikuwa amechimbiwa mashimo mawili vilevile, akawaamuru walalie. Waliolalama walibaki humo mpaka saa ya chakula.

Ndiyo maana nasema alikuwa mwalimu. Na ndiyo maana hasira yangu haipati mahali pa kukaa. Mtu mbaya tangu mwanzo ni rahisi, unamtema. Huyu alinichimbia mashimo.

Alikuwa amepigana vita vya Kagera. Hilo kila mtu alilijua, na vijana walimzonga awasimulie Uganda kulikuwaje. Alikuwa na jibu moja: "Nilichoka sana." Ukimzidishia pombe ya komoni, akiwa kilabuni Jumapili baada ya misa, alisema vilevile, tofauti ni kwamba aliongeza, "na viatu." Siku iliyotangulia kupiga shabaha hakugusa pombe. Alidai pombe inatoka kichwani mapema lakini kidoleni inalala.

Hata kuku, Afande alishindwa kumchinja. Mkewe alikuwa anakuja kwetu na kuku kwapani kumwomba mume wangu amchinjie, na huko nyuma Afande amesimama kwenye uzio wake anatazama upande wa milima, kama ana kazi kule. Mume wangu alimtania sana kwa hilo. "Afande, nikuletee na mafunzo ya kisu?" Naye akajibu kwamba kisu kiko karibu mno. Sote tukacheka. Mume wangu alikuwa mtu wa kucheka, na Afande alimpenda kwa hilo. Jioni alikuja kukaa kwenye kigoda chetu bila sababu.

Siku ya kupiga risasi za kweli ilipofika tulikwenda kwa miguu mpaka chini ya vilima, mahali ambapo risasi ikipita inaingia mlimani na haimfuati mtu. Risasi zilitoka wilayani, chache, na kila ganda lililotoka lilitakiwa kurudi. Hapo ndipo nilipomwona Afande mwingine. Yule mpole alibaki kijijini. Huyu alitutazama mikono, alitupekua mifuko, midomo imemkauka. Mimi nilipiga vizuri. Nilishtuka kila mara kama alivyotaka, na karatasi yangu ilitoboka katikati, matundu yamekaribiana. Alipoiona aliniambia tu kwamba nimepumua vizuri. Nikajisikia kama nimepewa ng'ombe.

Kisha likapotea ganda moja. Tulipiga magoti mstari mmoja tukapekua majani, unyasi kwa unyasi, jua likatuchoma, tukageuka tukapekua tena. Hakuna aliyeruhusiwa kunywa maji. Afande alikuwa anatambaa pamoja nasi, jasho linamdondoka puani, na nikaona mikono inamtetemeka, yeye mwenye kizibo cha soda. Fundi baiskeli akamwuliza hivi ganda moja tupu lina nini, Afande. Akamjibu kwamba kabla ya kuja kwetu, mahali pengine, alilala mahabusu kwa sababu ya kitu kidogo kama hicho. Ganda tulilipata mdomoni mwa Neema. Mama yangu alikuwa amemleta anyonye, akamweka chini, naye akaokota cha kwake. Tulicheka mpaka tukalia. Afande hakucheka. Alilitoa taratibu mdomoni mwa mwanangu, akalifuta kwa shati, akalibusu. Lile ganda, siyo mtoto.

Kazi ya ulinzi sikuipata. Siku ya kwenda kuomba, Afande alisema atanisindikiza na kunisemea. Alipiga pasi sare yake, tukapanda lori mpaka huko kwenye miwa, Neema mgongoni kwangu, na njia nzima alikuwa ananieleza atakavyosema: huyu binti ni shabaha ya kwanza katika kundi, ana kidato cha nne, ana nidhamu. Yule bwana wa pale ofisini hakunyanyua macho. Aliuliza mtoto huyo atabebwa na nani nikiwa lindoni, akasema wanawake wametosha, akasema anayefuata. Nikamgeukia Afande. Afande alipiga saluti. Akageuka nyuma, akatoka.

Kwenye lori nilimwuliza kwa nini hakusema chochote kati ya yale yote. "Hakuniuliza," akasema.

Nilidhani ni haya. Sikujua ni ugonjwa.

Sasa nieleze la kiboko, nilimalize.

Mwaka uliofuata mpunga ulikubali. Mpunga ukikubali bondeni kwetu hakuna mtu anayelala kijijini. Watu wote wanahamia mashambani kuamia ndege, maana ndege wakishuka asubuhi moja hawakuachii kitu. Wakati huohuo, mtu wa kitongoji cha jirani alimpiga kiboko kwa gobore, akamjeruhi begani, akakimbia. Kiboko hakurudi mtoni. Alibaki kwenye dimbwi pembeni ya shamba letu, mchana kweupe, anahema, anatoka na kuingia kwenye mpunga kama wake. Kiboko mzima unamfukuza kwa madebe. Mwenye kidonda, debe ni kumwita.

Watu walitumwa kwa baiskeli Ifakara kwa Bwana Nyama, yule ofisa wa wanyamapori. Akasema gari halina mafuta, msubirini. Watu wakaenda kwa mwenyekiti wa kijiji, mwenyekiti akasema mnyama ni wa serikali. Lakini kila mtu alijua kwamba mvua ilikuwa imeahirisha shabaha ya kundi jipya, na risasi za wilaya zilikuwa kwenye kopo nyumbani kwa Afande, pamoja na bunduki.

Nilikwenda mwenyewe. Alikuwa amekaa barazani anachonga kitako kipya cha mti. Nilimwamkia shikamoo, nikapiga goti kama nilivyolelewa, akaitikia marahaba mwanangu. Nikamweleza. Akasema ameshasikia.

"Nakuomba, Afande," nikamwambia. "Risasi moja. Unajua pa kumpiga."

"Zile ni risasi za mazoezi."

"Tulifanya mazoezi ya nini, sasa?"

"Ya shabaha."

"Na yule siyo shabaha?"

Aliacha kuchonga. "Shabaha ni karatasi, mwanangu. Mnyama ana mwenyewe."

Shuleni walitufundisha kwamba shabaha ina maana mbili: kile unachokilenga, na sababu ya kukilenga. Siku ile niligundua kuna watu wanaoishi maisha yao yote kwa ile maana ya kwanza peke yake. Nikamwambia kama yeye anaogopa, anipe mimi. Nikamwambia mume wangu yuko kule juu ya dungu la kuamia ndege na yule mnyama yuko chini yake, na sisi hatuna mwaka mwingine, tuna huu tu. Nikamwomba kwa jina la Neema. Nikalia, ndiyo, nililia mbele yake.

"Nikikupa utampata," akasema. "Ndiyo maana sikupi."

Akarudi kwenye mti wake. Na mimi nikashika adabu, nikaaga, nikaondoka.

Mume wangu alikufa kesho yake asubuhi. Alishuka kwenye dungu kuwafukuza ndege upande wa pili wa shamba. Sitaeleza zaidi ya hapo. Aliyewahi kuona kazi ya kiboko hahitaji kuelezwa, na asiyewahi asitake.

Tukiwa bado matangani, mafuta ya gari yakapatikana. Bwana Nyama alikuja na bunduki yake kubwa na kofia, akapiga mara mbili, kiboko akalala. Kijiji kizima kilishuka na visu na mabeseni. Nyama iligawiwa, na kwa huruma walituletea sisi wafiwa fungu kubwa kuliko yote. Mama mkwe alilipika. Watu walikula msiba wa mwanawe kwa nyama ya aliyemuua, wakasema ina mafuta mazuri. Simlaumu mtu, njaa haina matanga. Mimi sikula.

Lakini kitu nilichokiona siku ile siyo nyama. Watu wakiwa wanakata, Afande alikuwa ndani ya matope, maji ya mapaja, ameinama, anapapasa. Nilidhani anatafuta kisu cha mtu. Alipapasa muda mrefu, kisha akainuka na maganda mawili ya risasi za Bwana Nyama, akayaosha, akayafuta, akampelekea kwa mikono miwili. Bwana Nyama aliyatazama.

"Ya nini haya, mzee?"

"Maganda yako, afande." Alimwita afande, yule ofisa kijana.

Yule kijana akayachukua, akayarusha dimbwini, akaenda kuchagua nyama yake.

Afande alibaki anaangalia pale yalipozama. Nilikuwa nimesimama na kaniki yangu ya msiba, mtoto mgongoni, nikauona uso wake, nikajua amekielewa kile nilichokielewa. Hakuna aliyekuwa anahesabu. Kwa watu wenye bunduki zao, ganda ni uchafu. Mahabusu yake, kutambaa kwetu juani, midomo yake iliyokauka, vyote ni vya watu wa chini wanaopewa kitu na kutetemeshwa nacho. Ningeweza kumwonea huruma. Nilitamani azame hapohapo.

Baada ya msiba ndugu wa mume walichukua shamba. Nilihamia Ifakara, nikaanza kukaanga vitumbua karibu na mashine ya kukoboa mpunga, ambako wapakiaji wana njaa tangu alfajiri. Ndiyo kazi yangu mpaka leo. Cheti cha sekondari kipo. Cha mgambo kipo. Panya hawajavifikia.

Afande sikumwona mpaka Neema alipoanza shule. Nikasikia tu kwamba mafunzo yalisimama kijijini, bunduki ikarudishwa wilayani, mkewe akafariki. Asubuhi moja akatokea mbele ya karai langu, amekonda, amevaa koti la mvua wakati hakuna mvua, ana rungu. Alikuwa amepata ulinzi pale mashineni. Shikamoo ilinitoka kabla hasira haijafika. Akaitikia. Akakaa kwenye benchi, akala vitumbua, akajipangusa, na bila mimi kumwuliza akaanza.

Akasema siku ile nilipoondoka kwake aliichukua bunduki. Aliweka risasi, akashuka bondeni peke yake, akalala kwenye jaruba letu la mpunga. Kiboko alikuwa dimbwini, kichwa nje. Alimlenga nyuma ya sikio. Alikuwa naye kabisa, akasema. Hata mtoto angempata. Alilala pale mpaka jua lilipozama, kidole kiko mahali pake. Kisha akatoa risasi, akarudi nyumbani.

Miaka yote hiyo nilikuwa nimejiambia kwamba aliogopa mahabusu, na hilo nilikuwa nimelizoea. Sasa mafuta yalikuwa yanaungua kwenye karai na mimi sikuyaona.

"Ulikuwa unasubiri nini?"

Alifikiri. Sikumwona akitafuta uongo. "Mtu aseme piga," akasema. "Mimi sijawahi kupiga bila mtu kusema piga. Wala Uganda."

"Mimi nilikuja nikakuambia."

"Uliniomba, mwanangu. Hukuniamuru."

Alisema hivyo kwa upole, kwa sauti ileile ya kwenye kizibo cha soda, kama anayemsahihisha mwanafunzi mzuri. Nilikumbuka goti langu barazani kwake. Nilikumbuka shikamoo, nakuomba, na kuaga kwa adabu. Mama yangu alinilea vizuri sana.

Wapakiaji walikuja, wakachukua vitumbua, wakaondoka. Yeye alikuwa bado amekaa. Akakohoa, kitumbua kilikuwa kimemkaba, akanyoosha mkono kuelekea kwenye ndoo yangu.

"Naomba maji, mwanangu."

Nilichota kikombe, nikajaza, nikakishika.

"Niamuru," nikamwambia.

Alinitazama akidhani ni utani. Akaona siyo. Midomo ikafunguka, nikasubiri, na wallahi ningempa, neno moja tu lingetosha. Halikuja. Akainuka, akachukua rungu lake, akavuka barabara huku anakohoa mpaka getini kwake, akasimama wima mahali pa lindo.

Kikombe kilikuwa bado mkononi mwangu. Maji nikayamwaga.